Kipindi cha michezo: tunafundisha riadha, au tunachagua wenye mbio na wengine wanakaa chini ya mwembe?

KijitiMkononi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Walimu wenzangu na wazazi mliomo humu, leo naanza kwa kujisema mwenyewe.

Nafundisha shule ya msingi ya serikali, darasa la tano, watoto 90, kipindi cha michezo dakika 40. Miaka yangu ya mwanzo "riadha" kwangu ilikuwa hivi: napiga kipenga, wanne wanne wanajipanga, wanakimbia mita 100, naandika nani wa kwanza. Nikiona nimemaliza, narudi ofisini nimejaa jasho, roho kwatu, nimefundisha.

Siku moja nikapiga hesabu. Watoto 90 kwa wanne wanne ni mikupuo 23. Kila mkupuo, hadi wajipange, wasukumane, wakimbie na warudi, ni dakika moja na nusu. Dakika 34 zimekwisha. Na kila mtoto kakimbia kama sekunde 18 tu! Muda wote uliobaki kakaa chini ya mwembe anachorachora mchanga na kucheka walioanguka. Halafu najiita mwalimu wa michezo.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Mwanafunzi akichelewa namba: zunguka uwanja mara tano. Akipiga kelele: zunguka. Hakufanya kazi ya nyumbani: zunguka. Halafu Alhamisi saa tano unamwambia mtoto huyohuyo, "Haya, leo tunajifunza mbio, furahini." Afurahi nini? Tumemfundisha miaka mitano kwamba kukimbia ni bakora ya miguu.

Hoja yangu ni moja: shuleni kwetu riadha haifundishwi, inatumika. Inatumika kuadhibu na inatumika kupata majina manne ya kupeleka UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Wale 86 wengine hatuna habari nao.

Nimebadili mambo kidogo mwaka huu, nitaeleza mkitaka. Kwanza nataka kusikia kwenu ikoje.

Division One Oyee

Mkuu, uzi mzuri ila tuwe wakweli. Mzazi ananunua daftari ili mtoto afaulu. Hakuna mzazi aliyekuja kuuliza "mwanangu anaruka chini mita ngapi". Kipaji ni kipaji, chagua hao wanne wenye mbio, wengine wape hesabu. Alphonce Simbu, bingwa wetu wa marathoni, hakutengenezwa na kipindi cha dakika 40.

Mama wa Watatu

Division, mimi mzazi nimekuja kuuliza. Mwanangu ana selimundu (sikoseli). Shuleni wanajua, barua ya kliniki ipo. Mwaka juzi mwalimu wa zamu aliwazungusha uwanja darasa zima saa saba mchana kwa sababu ya kelele. Wangu hakusema kitu, aliogopa kuonekana anajidekeza. Usiku maumivu ya mifupa, tukalala wodini siku nne. Kwa hiyo habari ya "zunguka uwanja" kwangu si utani.

Daktari hakumkataza michezo, alituambia acheze. Anywe maji, apumzike anapotaka yeye, asikimbizwe mfululizo bila kusimama, asichezeshwe kwenye jua kali. Ni hayo tu. Lakini adhabu haina "pumzika unapotaka".

KijitiMkononi

Pole sana dada yangu. Hilo ndilo sikutaka kuliandika kwa sababu kwetu pia limewahi kukaribia kutokea, mtoto wa pumu. Tangu hapo nina daftari dogo la majina: selimundu, pumu, moyo, kifafa. Linakaa mfukoni pamoja na kipenga.

Division, kuhusu Simbu nitakujibu chini.

Mzee wa Mchakamchaka

Vijana, nimestaafu ualimu, nawasoma tu. Mnazungumza kama kukimbia shuleni kulianza na adhabu. Sisi tulikuwa na mchakamchaka. Alfajiri, shule nzima, mistari miwili, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Na mjue kulikuwa na akili ndani yake, hata kama hatukuijua: mtoto anayeimba huku anakimbia hawezi kuwa anakimbia kupita kiasi. Pumzi ikikata, wimbo unakata, mwanzishaji anasikia, mwendo unapungua. Siku hizi naona makocha wanavaa saa za laki kadhaa kupima hilohilo.

Tulipoondoa wimbo tukabakiza mbio, ikawa adhabu.

KijitiMkononi

Shikamoo mzee. Hapo umenifungua macho, na kesho naanza nalo.

Sasa nieleze ninachofanya. Kwanza, nimeacha foleni. Uwanja nimeugawa vituo vitano, watoto 18 kila kituo, dakika sita sita, napiga kipenga wanahama. Dakika kumi zinazobaki ni za kupasha mwili mwanzoni na kukusanya vifaa mwishoni. Viranja wa vituo ni wale wenye mbio, maana wakikaa bure ndio wasumbufu.

Kituo cha kwanza ni kuruka chini. Sina ubao wala shimo la maana, nina mchanga wa mtoni tuliobeba kwa ndoo. Kabla ya kipindi lazima uutifue kwa jembe na upitishe mkono kutafuta chupa, kwa sababu mbuzi, walevi na mvua wote wanapita humo usiku. Hakuna kukimbia kutoka mbali: hatua tano tu, mguu mmoja unaondoka, miwili inatua. Mtoto anayekimbia mita 30 anafika kwenye mstari hajui mguu gani ni upi. Kwa hatua tano anajua.

Kituo cha pili ni tufe. Tufe la chuma ninalo moja, na moja kwa watoto 18 ni sawa na hakuna. Nimeshona vifuko vya kiroba vyenye mchanga wa kilo mbili, viko tisa. Hapa kuna kosa la nchi nzima: tunaita "kurusha" tufe, basi mtoto anarusha kama jiwe la kuangushia embe. Bega linauma wiki nzima. Tufe linasukumwa. Linakaa shingoni chini ya taya, kiwiko kiko nyuma yake, nguvu inaanzia mguu wa nyuma, inapita kiunoni, mkono unamalizia tu. Mimi nawaambia "sukuma mlango uliokwama", wanaelewa mara moja.

Kituo cha tatu mbio za kupokezana vijiti, cha nne viunzi vya maboksi na fito (visizidi goti, vikiguswa vianguke), cha tano mbio za kubashiri.

Hicho cha tano ndicho nakipenda kuliko vyote. Tuna mzunguko mdogo tuliouwekea mawe. Mtoto anautembea mara moja, halafu ananiambia atazunguka mara mbili kwa muda gani. Anakimbia bila kuona saa. Mshindi ni aliyekosea kidogo, haijalishi kafika wa ngapi. Wiki ya pili alishinda mtoto ambaye wenzake wanamwita Bonge. Alisema dakika mbili na sekunde kumi, akaja na mbili na kumi na moja. Wenye mbio wote walikosea kwa zaidi ya sekunde kumi kwa sababu walianza kama wamefukuzwa na nyuki, wakafia njiani. Yule mtoto alisimama pale mstarini ananiuliza, "Mwalimu, kweli mimi?" Akarudia mara tatu. Darasa zima likamkimbilia.

Division One Oyee

Sawa, hapo kwa Bonge umenigusa. Lakini bado hujanijibu la Simbu.

KijitiMkononi

Naam. Tokyo, Septemba 2025, Simbu kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia kwa 2:09:48. Wa pili, Amanal Petros wa Ujerumani, ana 2:09:48 hiyohiyo. Walitenganishwa na sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Sasa nenda shule yoyote uangalie watoto wanavyomaliza mita 100. Wanapunguza mwendo mita tano kabla ya mstari, wengine wanageuka kuangalia nani yuko nyuma, wengine wanaruka juu kama wanatua kwenye shimo. Kumaliza kunafundishwa. Unaweka mstari wa pili mita kumi mbele ya ule wa kwanza na kuwaambia mwisho ni huo wa pili. Dakika sita zinatosha.

Sisemi nitatoa Simbu. Nasema kama kuna Simbu kati ya wale 86 chini ya mwembe, kwa utaratibu wa zamani hatujui, kwa sababu tunachagua kwa mita 100 tu. Filbert Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa 3:32.16, akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, unadhani mwalimu anayepima mita 100 peke yake angemwona?

Ticha wa Bondeni

Salamu kutoka Kenya, walimu. Huku watu hudhani kila mtoto wetu amezaliwa na viatu vya mbio. Si kweli. Mimi nafundisha pwani, na mkija kwangu mtapata mambo ni yaleyale: mpira mmoja, wasichana wamekaa kando wakisukana nywele.

Nataka kuongeza la mkuki. Usiuogope. Julius Yego alijifunza sana kwa kutazama video za warushaji wakubwa mtandaoni, akaja kuwa bingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mita 92.72, akitoka taifa letu, ambalo watu walidhani linajua kukimbia tu. Darasani mimi situmii mkuki wenye ncha. Natumia mabua ya mahindi makavu, na mipira ya soksi iliyofungiwa mkia wa kitambaa. Mkia ukipeperuka sawa, mkono umepita juu ya bega. Mkia ukizunguka, mkono umepita kando. Mtoto anajisahihisha mwenyewe bila mimi kufungua kinywa.

Kanuni ni moja, na sina msamaha nayo: wote hurusha kutoka mstari mmoja, upande mmoja, na hakuna anayekwenda kuokota kabla sijapiga filimbi. Wakienda, wanatembea. Nimeona bua likimpata mtoto jichoni kwa sababu mwenzake alikuwa bado "anamalizia moja tu".

Mwalimu Rukia

Asante Ticha kwa kuwataja wasichana, maana wanaume mngefika ukurasa wa kumi hamjawataja.

Mimi ni mwalimu wa kike sekondari. Wasichana "hawapendi michezo" ni uongo. Hao hao saa ya mapumziko wanacheza rede hadi kengele inapigwa mara mbili, wanakwepa, wanachupa, wanarusha mpira kwa nguvu ambayo mwalimu wa mkuki angeililia. Wasichopenda ni kukimbia mmoja mmoja mbele ya wavulana waliokaa wanatazama vifua vyao. Yule mwembe wenu, mkuu, ni jukwaa la watazamaji. Ukiondoa foleni kwa vituo umeondoa na jukwaa. Hilo hukuliandika, lakini ndilo badiliko kubwa uliloleta.

Mavazi: niliwaruhusu suruali ya michezo ndefu na ushungi uliofungwa nyuma kwa pini za usalama. Sketi ya shule ya marinda na viunzi ni kuanguka tu. Na wakiwa kwenye siku zao, sitaki waje kuniomba ruhusa mbele ya watu. Wanajua kituo cha kupima na kuandika kina nafasi daima, wanakwenda wenyewe, siulizi. Kuna wanaotumia vibaya? Wapo wawili watatu. Afadhali hao.

Mzee wa Mchakamchaka

Rukia mwanangu, umesema vema. Na mkiwa mnasema, pigeni fagio uwanja. Nusu ya watoto ni pekupeku. Mbigili moja inaharibu kipindi kizima. Sisi tulikuwa tunapanga mstari mmoja upana wa uwanja, tunatembea tumeinama tunaokota. Dakika tano, na miili inakuwa imeshaanza kupata moto.

Bwana Pai

Mimi ni wa hesabu, nimevutwa na uzi. Mkuu KijitiMkononi, tunataka kuchora njia za mbio za mita 200 kwenye kiwanja chetu cha mpira. Mwalimu mwenzangu anasema wa njia ya nje wasogezwe mbele "kwa kukadiria". Kila mwaka ugomvi. Kuna kipimo?

KijitiMkononi

Kipo, na wewe utakipenda.

Chukua pande mbili zilizonyooka za mita 40, zinakuwa 80. Zinabaki mita 120 za kona mbili, yaani duara moja kamili. Mkimbiaji wa njia ya kwanza hakanyagi mstari, anahesabiwa kupita sentimita 20 nje yake. Kwa hiyo nusu kipenyo cha mbio ni 19.10, na kamba yako unaikata mita 18.90. Piga kigingi katikati ya kila kona, mwenzako ashike ncha ya kamba na mfuko wa majivu, azunguke. Kwa njia sita za upana wa 1.22 unahitaji kama mita 93 kwa 53, uwanja wa mpira unatosha.

Sasa utamu. Kila njia iko nje ya ile ya ndani kwa 1.22. Duara likitanuka kwa 1.22, mzingo wake unaongezeka kwa mara mbili pai mara 1.22, yaani mita 7.67. Nusu kipenyo cha mwanzo hakimo kabisa kwenye jibu! Uwanja uwe mdogo kama ua wa shule au mkubwa kama wa Mkapa, mzunguko mzima ni 7.67 kwa kila njia. Njia ya pili 7.67, ya tatu 15.33, ya nne 23.00, ya tano 30.66, ya sita 38.33. Wape kidato cha pili walitafute wenyewe kabla hujawaambia.

Bwana Pai

Ngoja nikae chini. Miaka kumi na moja nafundisha mzingo wa duara kwa mfano wa gurudumu la baiskeli, kumbe mfano upo dirishani.

Kocha wa Vumbi

Nyongeza ndogo kwa atakayekwenda kubishana uwanja rasmi wenye ukingo: kule njia ya kwanza hupimwa sentimita 30 kutoka ukingoni, nyingine 20 kutoka mstarini, kwa hiyo njia ya pili husogezwa 7.04, si 7.67. Msije mkasema mlidanganywa humu.

Na mtunza muda asiwashe saa kwa kusikia. Mita 100 sauti inachukua karibu sekunde 0.3 kumfikia. Ndiyo maana kila wilaya ina mtoto wa "sekunde 11" ambaye akifika mkoani anakuwa wa 12. Mwanzishaji ainue mkono wenye kitambaa, akipiga kipenga aushushe, mtunza muda afuate kitambaa.

Vijiti naomba niwe mbishi. Watu wanafundisha vijiti wamesimama. Mtoto anapokea amesimama, anaanza upya kutoka sifuri. Wafundishe wakitembea kwa foleni moja, mmoja nyuma ya mwingine, kijiti kinatoka kwa wa mwisho hadi wa mbele, mkono wa kulia kwenda wa kushoto, kushoto kwenda kulia, anayepokea hageuki nyuma. Halafu kwa mchakamchaka, halafu mbio. Kijiti kata bomba la plastiki la maji, sentimita 30, piga sandpepa pembe zake zisichane viganja. Nilishawahi kuweka wanne wa kawaida waliofanya hivyo wiki tatu dhidi ya wanne wenye mbio waliookotwa siku ileile. Wenye mbio waliangusha kijiti mara moja, na ule mlio wa plastiki kwenye lami ya barabara nausikia hadi leo. Hawakuwapata tena.

Division One Oyee

Naona nimebaki peke yangu. Swali la mwisho: maksi unatoa vipi? Huwezi kumpa Bonge sawa na mwenye mbio.

KijitiMkononi

Kwa nini nisiweze? Kwenye daftari kila mtoto ana mistari miwili kwa kila kituo, wiki ya kwanza na wiki ya sita. Aliyeruka mita 1.90 akafika 2.30 kajifunza. Aliyeanza na 3.40 akabaki na 3.40 hajajifunza kwangu, kaja nayo kutoka kwao. Majina ya kwenda UMITASHUMTA nachagua kwa vipimo vya kawaida, hilo ni jambo lingine, na wilayani hawajawahi kulalamika.

Na kila hotuba ya michezo tunamtaja John Stephen Akhwari wetu, aliyeumia goti kwenye marathoni ya Mexico mwaka 1968 akafika wa mwisho akichechemea. Sawa, tumtaje. Ila mwaka 1970, Edinburgh, michezo ya Jumuiya ya Madola, alimaliza wa tano kwa 2:15:05. Hilo hatulisemi kwa watoto, kana kwamba tunapenda zaidi wakimbiaji wetu wakiumia.

Mama wa Watatu

Mwalimu, wangu yuko darasa la sita sasa. Ningempata wapi mtu wa kumweleza mwalimu wake haya bila kuonekana najifanya mjuaji?

Mwalimu Rukia

Dada, usianze na riadha. Nenda na karatasi ya kliniki, nakala mbili, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa mwalimu wa michezo, na uandike chini kwa mkono wako: "Anaruhusiwa kucheza, asiadhibiwe kwa kukimbia." Omba wasaini nakala yako. Karatasi iliyosainiwa haina ujuaji.

Bwana Pai

Mrejesho. Jana asubuhi tumechora na kidato cha pili. Njia mbili za ndani zimetoka safi. Kufika ya nne kona ya mashariki imejikunja kama tumbo la kiti kibovu. Tumepima kamba, ilikuwa imefupika karibu sentimita 30. Tumekosea wapi?

KijitiMkononi

Kamba ni ya katani?

Bwana Pai

Ya katani.

Kocha wa Vumbi

Umande. Katani ikilowa inajikunja. Tumieni waya laini wa kufungia nondo, na majivu yawe makavu. Chokaa mbichi msiguse, inaunguza miguu.

Bwana Pai

Waya nimeshaupata kwa fundi jirani. Tunafuta kona ile na kuanza upya Ijumaa saa mbili, jua likiwa limekausha nyasi.